MALEZI: Kumhamisha mtoto shule si karatasi na sare pekee

KILA Januari, ofisi za walimu wakuu kote nchini hufurika wazazi walioshika mtoto kwa mkono mmoja na bahasha ya kaki kwa mkono wa pili. Ndani ya bahasha mna cheti cha kuzaliwa, barua ya kuhama na ripoti ya muhula uliopita. Mwalimu mkuu akishazikagua karatasi hizo na kutaja rangi ya sweta inayohitajika, mzazi huondoka akiwa ameridhika kwamba kazi imekwisha. Kwa mtoto wa miaka mitano, sita au saba, kazi hiyo ndiyo kwanza inaanza.

Ni wazazi wachache mno wanaoketi na mtoto kutaka kujua ameacha nini nyuma. Mtu mzima anapohama kazi hujua sababu, huwaaga wenzake na pengine hupikiwa chakula cha kumuaga. Mtoto naye huamshwa asubuhi moja, akavishwa sare ambayo bado inanuka duka, akapelekwa mahali asipomjua hata mtu mmoja. Jioni hakuna anayemweleza iwapo atamwona tena mwalimu wake wa zamani, au yule rafiki waliyekuwa wakigawana naye mkate. Kwa kipimo cha umri wake, huo ni msiba, japo hakuna anayempa pole.

Sababu za kuhama ni nyingi na aghalabu mzazi mwenyewe hana hiari. Walimu, polisi na wanajeshi hupewa uhamisho na waajiri wao. Mzazi aliyefutwa kazi hushindwa kumudu karo ya shule ya kibinafsi. Ndoa huvunjika, au mzazi hufariki, na mtoto akapelekwa mashambani kwa nyanyake. Isitoshe, yapo majanga ambayo huzihamisha familia nyingi kwa mpigo. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Watoto wengi walijikuta wakisomea katika mahema. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, watoto walirudi nyumbani wakidhani wanapumzika kwa siku chache. Hadi masomo yalipoanza tena kwa madarasa yote Januari 2021, baadhi ya shule za kibinafsi zilikuwa zimefunga milango kabisa, na wanafunzi wao wakatawanyika katika shule za umma. Nayo mafuriko ya 2024 yaliharibu madarasa na makazi kiasi kwamba kufunguliwa kwa muhula wa pili kuliahirishwa hadi Mei 13.

Katika visa hivyo vyote, watoto waliachana na wenzao bila kuagana. Hilo ndilo jambo ambalo wazazi hulipuuza zaidi wanaposhughulikia uhamisho, na ndilo linalochelewesha mtoto kuzoea shule mpya.

Daktari wa akili wa Uingereza, John Bowlby, aliyefariki 1990, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza jinsi mtoto mdogo anavyoshikamana na watu wachache anaowaamini, na jinsi anavyopata ujasiri wa kuuchungulia ulimwengu pale anapojua kwamba watu hao wapo. Kwa mtoto wa chekechea au wa Gredi ya 1, mwalimu wa darasa ni mmoja wa watu hao. Ndiye anayemfunga kamba za viatu. Ndiye anayejua kwamba mtoto huyu huogopa kwenda msalani peke yake, na kwamba yule hali maharagwe. Mzazi anapomhamisha mtoto, anamtenga na mtu huyo, hata kama shule mpya ina basi la manjano na kompyuta.

Aidha, mtoto hupoteza utaratibu. Shule ya zamani aliijua kwa miguu na masikio: mlio wa rimu ya lori iliyotundikwa mtini badala ya kengele, uji wa saa nne, njia ya mkato nyuma ya jikoni, mahali pa kujikinga jua. Katika shule mpya hajui uji huletwa lini, wala kama huletwa. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, yaani haishi kuonekana. Mtoto mgeni analijua hilo vyema kuliko mtu yeyote, hasa anapofika akiwa bado amevaa sweta ya shule ya zamani.

Kuaga

Wapo wazazi wanaomficha mtoto habari za kuhama hadi siku yenyewe, kwa hofu kwamba atalia. Wengine humdanganya kwamba wanakwenda kumtembelea shangazi. Uongo wa namna hiyo huokoa asubuhi moja na kuharibu miezi kadhaa, kwa kuwa tangu siku hiyo mtoto atakuwa na shaka kila anapoambiwa wanatoka. Baadhi hukataa kuachia mkono wa mama langoni, si kwa sababu wanaichukia shule, bali kwa sababu waliwahi kuachwa mahali pasipo kuambiwa.

Mtoto anastahili kuambiwa mapema, lakini si mapema mno. Kwa mtoto wa miaka mitano, miezi mitatu ni kama milele. Majuma mawili au matatu yanamtosha. Ni afadhali wakati upimwe kwa vitu anavyovijua. Kauli kama, "Mwanangu, Krismasi ikiisha na sisi tukirudi kutoka kwa nyanya, utaanza shule ile yenye lango la kijani," humfaa kuliko kutajiwa tarehe. Sababu nayo itolewe kwa maneno machache na ya kweli. Mtoto akiambiwa kwamba baba amepata kazi Eldoret, ataelewa. Asipoambiwa lolote, ataibuni sababu yake mwenyewe, na mara nyingi sababu hiyo huwa kwamba yeye ndiye aliyekosea. Hatari hii huwa kubwa zaidi pale wazazi wanapotengana au karo inapokosekana, kwa sababu watu wazima hunong'ona na mtoto husikia nusu ya mazungumzo.

Kisha kuna kuaga kwenyewe. Hakuhitaji gharama. Mtoto apelekwe shuleni siku ya mwisho akijua kuwa ni ya mwisho. Amuage mwalimu, mpishi na bawabu. Achore picha amwachie rafiki, naye apewe daftari ambalo wenzake wameandika majina yao, hata kama ni kwa herufi zilizopinda. Kama mzazi ana simu yenye kamera, picha moja ya mtoto na mwalimu wake mbele ya darasa ina thamani kubwa. Ataitazama mara nyingi kuliko mzazi anavyodhani. Nambari ya simu ya mzazi wa rafiki mmoja pia ichukuliwe. Mazungumzo ya dakika tano Jumamosi huwaonyesha watoto wote wawili kwamba hakuna aliyetoweka.

Wanaobaki wasisahauliwe. Dawati la mwenzao linapokuwa tupu ghafla, watoto wa umri huo huanza kuulizana kama amefariki. Ni wajibu wa mwalimu kulitangazia darasa kwamba fulani amehamia Kisumu na anasoma huko.

Kwa familia ambazo hazikupata nafasi ya kuaga, kwa mfano zilizofurushwa na mafuriko au nyumba zao kubomolewa, bado haijawa kuchelewa. Mtoto anaweza kuwataja wenzake kwa majina, kuwachora, au kuwatumia ujumbe wa sauti kwa simu ya mama. Kinachodhuru ni kumkataza kuitaja shule ya zamani eti asije akakumbuka akalia. Atakumbuka tu, atake asitake.

Lugha mpya

Suala ambalo halizungumzwi vya kutosha nchini ni lugha. Tangu Ripoti ya Gachathi ya 1976, pendekezo limekuwa kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha inayozungumzwa katika eneo la shule. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini 2019 kuanzia chekechea hadi Gredi ya 3, uliendeleza msimamo huo. Mijini, ambako jamii zimechanganyika, Kiswahili ndicho hutumika, huku shule nyingi za kibinafsi zikianza na Kiingereza tangu siku ya kwanza.

Sera hiyo ina manufaa kwa mtoto asiyehama. Kwa anayehama, kuvuka mpaka wa kaunti huweza kumaanisha kuvuka mpaka wa lugha. Chukua mtoto wa Gredi ya 2 aliyefundishwa kusoma na kuhesabu kwa Kikamba katika kijiji cha Makueni, kisha mama yake akahamia Kayole, Nairobi. Darasani anakuta Kiingereza na Kiswahili. Uwanjani anakuta Sheng. Hesabu za kutoa alizozijua sana mwaka jana sasa zinamshinda, si kwa kuwa amesahau kutoa, bali kwa kuwa hakuelewa swali. Mwalimu asiyejua alikotoka ataandika kwenye ripoti kwamba ni mzito wa kuelewa.

Safari ya kwenda upande wa pili nayo ina machungu yake. Mtoto aliyezaliwa Nairobi akapelekwa kwa nyanyake Siaya hukuta wenzake wakicheza na kutaniana kwa Dholuo, lugha ambayo yeye huisikia tu mama anapozungumza kwa simu. Wenzake humwita mtoto wa mjini, na jina hilo halikusudiwi kuwa sifa.

Hata Kiswahili chenyewe kina mitego. Mtoto wa Lamu aliyezoea kumwita mwenzake kwa neno "ndoo", yaani njoo, hushangaa anapofika Nakuru na kuona wenzake wakitazama huku na huku wakitafuta chombo cha maji. Kichekesho kama hicho kinaweza kumpa rafiki au kumnyamazisha muhula mzima. Inategemea mwalimu atakicheka pamoja naye au atawaacha wengine wamcheke.

Mtafiti wa lugha wa nchini Kanada, Jim Cummins, alibainisha tofauti ambayo kila mzazi anayehama anafaa kuijua. Lugha ya uwanjani, ya kuombana mpira na kugombana, mtoto huipata kwa muda wa mwaka mmoja hadi miwili. Lugha ya darasani, ya kufafanua na kutoa sababu, huchukua miaka mitano hadi saba kufikia kiwango cha wenzake waliozaliwa nayo. Ndiyo maana mtoto anayepiga Sheng kama mzaliwa wa Eastlands bado anaweza kukwama mbele ya kifungu cha ufahamu, na watu wazima wakamwona mvivu.

Watoto wengi huanza na kipindi cha ukimya katika lugha mpya. Husikiliza kwa majuma, hata miezi, kabla ya kufungua kinywa. Ukimya huo si ubutu. Mwalimu akimlazimisha kusimama na kusoma mbele ya darasa katika juma la kwanza, anaurefusha. Inafaa zaidi ajibu kwa kunyoosha kidole, kuchora au kusoma pamoja na wenzake kwa sauti ya kundi.

Nyumbani, wazazi wengi hufanya haraka ya kuiacha lugha ya mama ili mtoto azoee ile mpya. Hilo ni kosa. Mtoto ambaye shule imebadilika, marafiki wamebadilika na nyumba imebadilika hahitaji mama yake naye abadilike ulimi. Lugha aliyozoea kubembelezwa nayo iendelee kutumika usiku, na hadithi zisimuliwe kwayo. Maarifa aliyoyapata kwa lugha moja hayapotei anapojifunza nyingine. Huhamia huko polepole.

Majuma ya kwanza

Kabla ya siku ya kufungua, mtoto apelekwe kuiona shule ikiwa tupu. Aonyeshwe darasa, bomba la maji, jikoni na, la mno, vyoo. Watu wazima hucheka jambo hili, lakini watoto wengi hujizuia siku nzima kwa kuogopa choo wasichokijua, kisha wakajikojolea darasani na kupata jina la utani litakalowafuata hadi Gredi ya 6.

Kama mfuko hauruhusu kununua sare yote kwa mara moja, sweta inunuliwe kwanza. Ndiyo inayoonekana kutoka mbali, na ndiyo inayomwondolea ukuku mweupe.

Mzazi atafute dakika tano za kuzungumza na mwalimu wa darasa ana kwa ana. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo 2003, hatua iliyoongeza idadi ya wanafunzi wa shule za msingi kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka huo mmoja, madarasa mengi ya umma yamekuwa yakisongamana. Mwalimu mwenye watoto 60 hawezi kugundua peke yake kwamba mmoja ana pumu, anatumia mkono wa kushoto au amefiwa na babake mwezi uliopita. Ripoti ya muhula haina nafasi ya kuandika mambo hayo. Naye mtoto anayetoka shule ya kibinafsi ya wanafunzi 15 darasani afunzwe mapema kuinua mkono, kuomba ruhusa kwa sauti na kutunza penseli yake, kwani huko hakuna atakayemfanyia.

Kwa upande wa sheria, mzazi ana kinga. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inazikataza shule za umma kutumia mtihani kumnyima mtoto nafasi. Mtihani unaruhusiwa tu unapolenga kutambua darasa linalomfaa. Sheria hiyo hiyo hairuhusu mwanafunzi kulazimishwa kurudia darasa. Wapo wazazi ambao hukubali mwana wao arudishwe nyuma ili tu apate nafasi, na mtoto hulichukulia hilo kama adhabu ya kuhama.

Mwalimu naye anaweza kufanya jambo dogo lenye uzito: amchagulie mgeni mwenzi mmoja wa kuketi naye na kumtembeza kwa juma zima. Asimchague kiranja wala mwanafunzi bora. Mtoto ambaye mwenyewe aliwahi kuhamia shule hiyo mwaka uliotangulia hufaa zaidi, maana hajasahau.

Asubuhi langoni, kuagana kuwe kufupi na kwa namna ile ile kila siku. Mzazi aseme atarudi saa ngapi, kwa kipimo cha mtoto ("baada ya chakula cha mchana na michezo"), kisha aondoke bila kunyemelea na bila kurudi kuchungulia dirishani. Mtoto mdogo zaidi anaweza kuruhusiwa kubeba kitu cha nyumbani. Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, alieleza 1953 jinsi kitambaa au mwanasesere unavyomshikilia mtoto mahali pa mama asipokuwepo. Kwa watoto wa hapa nchini, kipande cha leso ya mama ndani ya mfuko wa kaptura hufanya kazi hiyo barabara, na hakuna mwanafunzi mwenzake atakayekiona.

Mambo mengine nyumbani yasiguswe. Huu si wakati wa kumhamishia mtoto chumba kingine, kumwachisha kulala na ndugu yake au kubadilisha mlezi wa nyumbani, iwapo hilo linaweza kungoja. Wala si wakati wa kumpeleka bweni. Kuhamia shule ya bweni ukiwa na miaka saba ni kuhama mara mbili kwa siku moja, shule na nyumba, na mzazi mwenye njia nyingine aitumie hiyo.

Dalili

Watoto wa umri huu hawasemi kwamba wana huzuni. Miili yao ndiyo husema. Tumbo huuma kila Jumatatu asubuhi na kupona saa tatu. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani hurudia. Mwingine huanza tena kunyonya kidole, kuongea kitoto au kumng'ang'ania mama hadi chooni. Wengine huwa wema kupita kiasi shuleni kisha wakafika nyumbani na kuvunja vitu. Kumchapa au kumuaibisha mbele ya ndugu zake huyazidisha mambo haya. Mara nyingi hupungua yenyewe katika majuma machache ya kwanza mtoto anapopata rafiki mmoja, hahitaji kumi.

Ikiwa majuma sita yamepita na bado hali wala halali vyema, hana hata jina moja la mwenzake analolitaja, au hofu yake inaongezeka badala ya kupungua, mzazi asiendelee kusema atazoea. Arudi kwa mwalimu, na amwone daktari au mshauri nasaha. Pia achunguze kama kuna jambo jingine kabisa: mtoto mgeni, asiye na rafiki wala kaka mkubwa shuleni humo, ndiye mwepesi kunyang'anywa chakula, kudhulumiwa na wakubwa au kuguswa vibaya. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya 2001, lakini si kila mwalimu ameviacha. Maswali ya moja kwa moja kama "Nani amekupiga?" humfunga mtoto kinywa. Akiulizwa leo aliketi na nani wakati wa uji, ni mchezo gani walicheza na ni nani hapendi kukaa karibu naye, mara nyingi hujieleza mwenyewe. Panapo shaka ya dhuluma, nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.